SOMO LA UMEME: Mradi ni wa Umma, Je, Nani Anaushika?



Leo tunasoma habari za umeme. Hatutajifunza kufunga taa wala kufungua mita. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, na asiye na leseni aiache. Tutajifunza kazi nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni kazi ya kusimamia mradi wa umeme wa umma.

Labda utasema, "Aa, hayo ni mambo ya wahandisi wa Dodoma mjini. Mimi mkulima wa uwele na alizeti yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Nguzo zinapofika kijijini hupokelewa na watu wa kijiji. Njia ya nyaya inapita katika mashamba ya watu wa kijiji. Vibarua wanaochimba mashimo ni vijana wa kijiji. Na mradi ukiharibika, anayekaa gizani ni mtu wa kijiji. Wewe uliyemaliza kisomo unaweza kuchaguliwa kesho katika kamati, au ukapewa daftari la stoo. Utaanzia wapi?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kusimamia mradi ni kuhakikisha kwamba kazi iliyokubaliwa inafanyika, kwa fedha iliyokubaliwa, kwa muda uliokubaliwa, na kwamba kitu kilichojengwa kinaendelea kufanya kazi watu wakishamaliza kupiga makofi. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa.

MTERA: KAZI YA KUHESABU MAJI

Tuanze na mfano mkubwa ulio karibu na sisi. Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Iringa unapita juu ya bwawa la Mtera. Wengi tunakula samaki wake. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye mto Ruaha Mkuu. Kazi yake ya kwanza haikuwa kutoa umeme pale pale. Ilikuwa kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, iliyo mbali huko chini, ambayo ilianza kutoa umeme mwaka 1975. Mwaka 1988 ndipo Mtera nayo ikapata mashine zake, zenye nguvu ya megawati 80. Kidatu ina megawati 204.

Maji ya Mtera yanatoka pande tatu. Yako ya Ruaha Mkuu yanayotoka bonde la Usangu, Mbeya. Yako ya Ruaha Mdogo yanayotoka Iringa. Na yako ya mto Kisigo, unaopita katika nyika ya Manyoni upande wetu huu wa kati. Kisigo ni mto wa masika. Kiangazi unabaki mchanga.

Sasa tazama hesabu yake. Bwawa likijaa kabisa, uso wa maji uko meta 698.5 juu ya usawa wa bahari. Maji yakishuka mpaka meta 690, mashine zinatakiwa zisimame. Kwa hiyo akiba yote ya kuchezea ni kina cha meta nane na nusu tu. Kina hicho si kikubwa, lakini bwawa ni pana sana, kwa hiyo ndani yake yanaingia maji ya ujazo wa meta za mraba... la, tuseme sawasawa, meta za ujazo zipatazo milioni 3,200. Ni kama ghala kubwa la mtama. Mvua ni mavuno, mashine ni watoto wanaokula, na kiangazi ni kirefu.

Mama mwenye ghala hafanyi kazi ya kubahatisha. Anajua mavuno ya mwaka huu ni magunia mangapi, walaji ni wangapi, na mvua ya kawaida inaanza mwezi gani. Anapunguza kipimo mapema, kabla ghala halijaonyesha sakafu. Msimamizi wa bwawa anahitaji ujuzi huo huo. Anapima maji kila siku, anaandika, anatazama namba za miaka iliyopita, halafu anaamua leo afungue kiasi gani.

Je, Mtera ilikwendaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalishuka vibaya. Mwaka 1992 na tena 1994 nchi iliingia katika mgawo mkali wa umeme. Viwanda vilisimama. Watu wakaanza kutafuta mkosaji. Waliolaumiwa kwanza walikuwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, kwamba wamekausha mto. Na kweli, tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa miezi ya kiangazi katika sehemu za hifadhi ya Ruaha. Jambo hilo si la kupuuza.

Lakini baadaye baadhi ya wataalamu walikaa na madaftari ya bwawa wakapiga hesabu upya. Wakaona jambo lingine. Kati ya Mtera na Kidatu inaingia mito mingine, Lukosi na Yovi, inayotoka milimani. Wakati wa masika mito hiyo ina maji mengi. Basi kipindi hicho Mtera ingeweza kufunga mlango na kuweka akiba, huku Kidatu ikitumia maji ya Lukosi na Yovi. Badala yake, maji ya Mtera yaliendelea kufunguliwa, na Kidatu, yenye bwawa dogo, ikashindwa kuyapokea yote. Mengine yakamwagika bure. Wataalamu hao waliandika kwamba katika miaka ya 1991 hadi 1994 sehemu kubwa ya shida ingeweza kuepukwa kama maji yangefunguliwa kwa hesabu.

Fikiri juu ya jambo hili, ndugu msomaji. Zege la bwawa lilikuwa zima. Mashine zilikuwa zima. Kilichopungua ni uamuzi wa kila siku wa kufungua na kufunga. Mkulima wa Usangu akatukanwa nchi nzima kwa kosa ambalo si lake peke yake. Kwa sababu hiyo mimi naona kwamba ujuzi wa kwanza wa msimamizi ni kuandika vipimo na kuvisoma tena, kabla hata ya kujua habari za mashine. Daftari lisilosomwa ni sawa na daftari lisiloandikwa.

Mwaka 2015 maji yalipungua tena na mashine za Mtera zikasimamishwa. Na leo kuna jambo jipya la kuongeza katika hesabu. Ruaha Mkuu unaingia katika mto Rufiji, na kwenye Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, yaani zaidi ya Mtera 26. Mashine yake ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo tone moja la mvua linaloanguka Manyoni likaingia Kisigo linaweza kufanya kazi mara tatu: Mtera, Kidatu, na Rufiji. Anayekata miti kandokando ya korongo la Kisigo anagusa taa za mbali sana.

HARAKA NA MKATABA

Kuna jambo jingine lilitokea kwa sababu ya mabwawa kukauka. Mwaka 2006 ukame ulikuwa mkali na mgawo ukarudi. Serikali ikataka mitambo ya dharura haraka. Kampuni moja iitwayo Richmond ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Bunge likaunda Kamati Teule, na kamati ikaeleza kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kazi yenyewe. Mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akajiuzulu.

Hatulirudii jambo hili ili kumsema mtu. Tunalirudia kwa sababu lina funzo la kazi. Mwenye njaa hanunui kwa bei nzuri. Mtu anayepanga mapema ana nafasi ya kuuliza: Kampuni hii imejenga wapi kabla ya hapa? Ina mafundi wangapi? Ina fedha zake au inategemea malipo yetu ya mwanzo? Mtu aliyechelewa hana muda wa maswali hayo. Ndiyo maana kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma, ambayo ilitungwa upya mwaka 2023. Inataka zabuni itangazwe, waombaji walinganishwe, na sababu za kumchagua mmoja ziandikwe. Watu wengine wanaona taratibu hizo ni kuchelewesha maendeleo. Lakini ukimpa kazi asiyeiweza, utachelewa mara mbili.

Hapa kwetu Dodoma tuna mfano wa zamani zaidi, ingawa si wa umeme. Wazee wa Kongwa wanaujua. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta na watu wengi. Lakini hawakupima sawasawa mvua ya Kongwa wala udongo wake. Kiangazi udongo ule ukawa mgumu kama matofali, karanga zikakwama humo. Mwaka 1951 mradi ukafungwa na mamilioni ya paundi yakawa yamepotea. Mgogo yeyote mwenye jembe angeweza kuwaambia kuhusu udongo huo. Ilikuwa kazi ya kuuliza tu.

UMEME UNAPOINGIA KIJIJINI

Sasa tushuke mpaka kwetu. Umeme wa vijijini unaletwa kwa fedha za Mfuko wa Nishati Vijijini, unaosimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini. Watu wengi wanauita REA. Wakala huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi mwaka 2007. Wakala hutafuta mkandarasi, mkandarasi hujenga laini, kisha laini hukabidhiwa TANESCO, ambao ndio wanaouza umeme na kutengeneza kinachoharibika. Kumbuka hao watatu. Watu wengi kijijini hawajui wamwulize nani. Laini haijamalizika? Muulize mkandarasi, na ukishindwa nenda kwa Wakala. Laini imemalizika lakini umeme umekatika? Nenda TANESCO.

Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000. Mhandisi mmoja hawezi kulala katika kila kijiji. Kwa hiyo macho ya kijiji yanahitajika. Haya tuone macho hayo yatazame nini.

Kitu cha kwanza ni karatasi. Mradi una ramani ya laini na orodha ya vifaa. Halmashauri ya Kijiji ina haki ya kuomba kuelezwa: Laini inapita wapi? Transfoma ngapi? Wateja wangapi wa kwanza? Je, umefikiriwa mtambo wa maji, zahanati, shule na mashine ya kusaga? Mambo hayo yaandikwe katika muhtasari na yasomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti asiyaweke mfukoni. Laini ikipindishwa ghafla ikaenda kwa mwenye duka mkubwa na kuiacha zahanati, watu wawe na karatasi ya kuonyesha.

Cha pili ni nguzo, na hapa tufanye hesabu. Laini ndogo ya kijijini huwa na nguzo moja kila baada ya meta 50 hivi. Kama laini ni kilometa 2, yaani meta 2,000, tunagawa kwa 50 tunapata nafasi 40. Je, nguzo ni 40? Hapana. Ni 41, kwa sababu kuna nguzo ya mwanzo na ya mwisho. Ni kama kujenga boma la ng'ombe kwa mstari ulionyooka. Sasa lori limeleta nguzo 33 na mtu anasema zinatosha. Zitatosha vipi? Atazitawanya mbalimbali, nyaya zitalegea, upepo wa Agosti utazigonganisha.

Pima pia shimo. Huhitaji kuwa mhandisi, unahitaji kamba na rula. Nguzo ya meta 9 huzikwa kiasi cha meta moja na nusu. Nguzo ya meta 12 huzikwa kiasi cha meta 1 na sentimeta 80. Ardhi yetu ni ngumu, na kibarua akichoka atasimamisha nguzo katika shimo la magoti. Itasimama vizuri mpaka mvua ya kwanza. Tena angalia nguzo imetiwa dawa. Mchwa wa Dodoma hauna adabu. Nguzo isiyo na dawa utaila kuanzia chini huku juu inaonekana mpya.

STOO NA SAHIHI

Tusikilize mazungumzo haya. Yanatokea mahali pengi.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, kijana wangu. Karibu."

"Mzee, nimeleta vifaa vya mradi. Weka sahihi hapa, gari linaondoka sasa hivi."

"Vifaa gani?"

"Nguzo, nyaya na vikombe. Vyote vimeandikwa humu."

"Basi tuvihesabu."

"Mzee wangu, jua linazama! Wenzio kijiji cha jirani wamesaini tu, hawakunisumbua."

"Baba, mimi nimejifunza kusoma nikiwa na wajukuu. Sikujifunza ili niandike jina langu gizani. Leta taa tuhesabu."

Mzee huyo ni msimamizi wa mradi, hata kama hajaitwa hivyo. Amejua maana ya sahihi. Sahihi ni kusema, "Mimi nimeona kwa macho yangu." Akihesabu akakuta nguzo 36 na karatasi inasema 41, asigombane. Aandike kwa wino kwenye karatasi: "Nimepokea 36. Zimepungua 5." Aweke tarehe na sahihi yake, dereva aweke ya kwake, na nakala moja ibaki kijijini. Karatasi hiyo itasema kweli hata dereva akihamishwa.

Daftari la stoo lina safu chache tu: tarehe, kitu, kilichoingia, kilichotoka, nani amekichukua, na kilichobaki. Mfano: Tarehe 3 ziliingia nguzo 36. Tarehe 5 zilitoka 10. Zimebaki ngapi? 26. Tarehe 6 asubuhi ukihesabu ukakuta 24, jua kwamba mbili zimetembea usiku. Ulizia siku hiyo hiyo. Ukingoja mwezi mmoja, kila mtu atakuwa amesahau.

Waya wa shaba na mafuta ya transfoma vilindwe zaidi. Wezi wanavipenda. Mafuta yale hupooza transfoma na kuzuia umeme usiruke ndani yake. Yakiibwa, transfoma inachemka mpaka inaungua, na kijiji kizima kinarudi kwenye koroboi kwa sababu ya dumu moja.

Jambo moja nilitaje hapa ingawa si la stoo. Ni vibarua. Mara nyingi mkandarasi mkubwa hugawa kazi kwa mkandarasi mdogo, na mdogo huyo akaajiri vijana kwa mdomo. Wanachimba mashimo mwezi mzima, mama lishe anawapikia kwa mkopo, siku moja mtu anaamka anakuta gari limekwenda na hakuna aliyelipwa. Hasira yao inaishia kwenye nguzo. Kijiji kiweke daftari la mahudhurio: jina, siku, mashimo mangapi, bei ya shimo, na sahihi ya mwakilishi wa mkandarasi kila jioni. Mama lishe naye aandike sahani zake. Mdai mwenye maandishi anasikilizwa kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkuu wa Wilaya. Mwenye maneno matupu huambiwa arudi kesho.

TRANSFOMA SI KISIMA KISICHO NA MWISHO

Watu wengi wanadhani umeme ukishafika, kila mtu anaweza kuchota apendavyo. Sivyo. Kila transfoma ina kipimo chake. Tuseme kijiji kimepewa transfoma ya KVA 50. Kwa hesabu ya tahadhari tuseme inaweza kubeba kilowati 40.

Mashine ya kusaga ni kilowati 15. Mtu wa pili naye analeta ya kukamua alizeti, kilowati 15. Tayari ni 30. Jioni nyumba 100 zinawasha taa, redio na televisheni. Kila nyumba tuihesabie wati 200. Mia moja mara mia mbili ni wati 20,000, yaani kilowati 20. Jumla ni ngapi? 15 na 15 na 20 ni 50. Transfoma inabeba 40. Hapo ndipo fyuzi zinakatika kila jioni na watu wanasema, "TANESCO wametuonea."

Dawa iko mbili. Ya kwanza ni kusema mahitaji yenu tangu mwanzo, kabla ya ramani kufungwa, ili mletewe transfoma kubwa zaidi au mbili. Kama mnataka mashine, semeni pia kwamba mnahitaji umeme wa njia tatu, maana kuna laini za njia moja ambazo haziwezi kuendesha mota kubwa. Ya pili ni kupatana: mashine zisage mchana, jioni zipumzike. Kijiji chenye kamati inayoheshimika kinaweza kukubaliana hivyo bila polisi.

MASHAMBA NA FIDIA

Laini kubwa zinapopita, watu wanapoteza ardhi. Katika miaka ya 2010 ilijengwa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, urefu wa kilometa 670. Ndiyo ile yenye minara ya chuma tunayoiona. Chini yake hairuhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu. Kwa laini kama hiyo watu hufanyiwa tathmini na kulipwa fidia. Kwa laini ndogo za kijijini mara nyingi wananchi huombwa watoe njia wenyewe. Uliza mapema yenu ni ya aina gani, usije ukangoja fedha isiyokuwapo.

Mthamini akija, uwepo shambani mwenyewe. Hakikisha mibuyu, miembe, mizabibu, choo na tembe lako vimeandikwa vyote. Soma fomu kabla ya kutia sahihi. Omba nakala. Kama shamba ni la mume na mke, wote wawili waandikwe. Mjane na yatima wasije wakaandikiwa jina la shemeji. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe upesi. Serikali ikichelewa kulipa, riba hudaiwa. Kiongozi wa mradi anayejua hayo hawachokozi watu. Anatayarisha fedha ya fidia kabla ya kuleta matrekta, kwa sababu shamba moja lenye ugomvi linaweza kusimamisha kilometa kumi za waya.

KUPOKEA KAZI

Siku ya kuwasha umeme kuna ngoma, hotuba na mbuzi. Lakini kupokea kazi ni jambo jingine, nalo lifanyike kabla ya ngoma. Mhandisi, mtu wa TANESCO na wajumbe wa kijiji watembee laini yote kwa miguu. Nguzo iliyoinama iandikwe. Waya uliolegea juu ya njia ya ng'ombe uandikwe. Transfoma isiyo na uzio au alama ya hatari iandikwe. Baada ya hapo kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho mkandarasi anatakiwa kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya fedha yake huzuiwa mpaka amalize. Kijiji kinachonyamaza mwaka huo kinamsaidia mkandarasi peke yake.

Kisha yanakuja maunganisho ya nyumba. Hapo jihadhari na vishoka, yaani watu wanaojifanya mafundi wa TANESCO. Ada ya kuunganishwa kijijini imekuwa shilingi 27,000, na inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, siyo mkononi mwa mtu. Serikali imekwisha tangaza kwamba mwananchi asiuziwe nguzo. Mtu akikwambia, "Mama, nipe laki moja nguzo yako itafika Jumatatu," mwombe kitambulisho na umpeleke kwa Mtendaji. Na mwenye tembe asikate tamaa akidhani umeme ni wa nyumba za bati tu. Kuna kifaa kiitwacho UMETA, Umeme Tayari, chenye soketi na taa zake, kinachofungwa katika nyumba ndogo bila kutandaza nyaya ukutani.

Waya ukianguka, usiuguse, usiuvute kwa mti mbichi, usiruhusu watoto wakaribie, hata kama umelala kimya kama kamba. Weka mtu mzima wa kulinda pande zote mbili na upige simu TANESCO. Namba yao ya dharura iandikwe ukutani ofisini, shuleni na kwenye mashine ya kusaga, kwa herufi kubwa.

ZOEZI

Fanyeni zoezi hili mkiwa kikundi. Kila mmoja aandike majibu katika daftari lake.

1. Laini ndogo ni ya meta 1,500. Nguzo ziko kila baada ya meta 50. Zinahitajika nguzo ngapi? (Kama umepata 30, rudia kusoma habari za boma la ng'ombe.)

2. Transfoma inabeba kilowati 40. Kijiji kina mashine moja ya kilowati 15 na nyumba 80, kila nyumba wati 200. Je, mtu mwingine anaweza kuleta mashine ya kilowati 15? Isage saa ngapi?

3. Maji ya Mtera yako meta 692. Yakishuka sentimeta 2 kila siku, baada ya siku ngapi yatafika 690? Kama leo ni tarehe 1 Septemba, je, masika ya Kisigo yatakuwa yameanza?

4. Nani kijijini kwenu anatunza nakala ya muhtasari wa mradi wa umeme? Nendeni mkaiombe, mwisomeni pamoja.